Surua haikungoja upele

Sisi wanawake tunaouza dagaa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, huulizana kwanza habari za watoto, bei ya gunia inafuata. Tangu surua ipite nyumbani kwangu, swali ninaloulizwa kuliko yote ni moja: "Upele wake unaanzaje?" Nimelijibu mara nyingi nikiwa na kisado mkononi na mteja ananisubiri, na kila mara najua nimejibu nusu. Kwa hiyo naandika kwa kirefu, maana swali lenyewe ndilo lina kasoro. Mtoto mwenye surua huambukiza wenzake tangu siku 4 kabla upele haujatoka hadi siku 4 baada ya kutoka. Anayekaa kusubiri upele, ukija kutokea, watoto wengine wa nyumba wameshalala naye, wamekula naye, na hewa aliyoikohoa wameivuta.

Kaka yangu ni mvuvi wa dagaa visiwa vya Ukerewe. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea hawafuati taa, kambi inapumzika, na wake wa wavuvi huvuka kuja mjini kusalimia ndugu, kufuata mahitaji na kupeleka watoto hospitali. Wifi yangu alikuja kipindi kama hicho na mwanawe wa kiume, karibu miaka 2. Sisi tumepanga Kirumba upande wa juu, kule majabali yanakoanzia, chumba na sebule. Ndani tulikuwa mimi, mume wangu, binti yetu wa miaka 4, na mdogo wake wa miezi 7 ambaye nilikuwa namnyonyesha. Wageni tuliwatandikia sebuleni pamoja na binti.

Mtoto alishuka kwenye chombo akiwa na homa na mafua. Usiku akakohoa, kikohozi kikavu kisichompa nafasi ya kulala. Kulipokucha macho yalikuwa mekundu, yanatoka machozi, na kila dirisha lilipofunguliwa alificha uso kwenye kanga ya mama yake. Mafua tukasema ni upepo wa ziwani. Macho, moshi wa kuni za kambini. Mama mkwe wangu aliyekuwa amekuja kututembelea akasema homa ni ya meno, magego yanaota. Wifi akasema ni malaria, maana huko visiwani mbu hawapumziki kama wavuvi. Kila dalili ilipata maelezo yake, na hakuna maelezo hata moja yaliyokuwa ya kipuuzi. Kilichokosekana ni mtu wa kuzikusanya. Homa kali, kikohozi, mafua na macho mekundu yanayokimbia mwanga, vyote kwa mtoto mmoja kwa wakati mmoja: hivyo ndivyo surua inavyoanza, na siku 2 hadi 4 zinaweza kupita hivyo bila doa hata moja kwenye ngozi.

Alama nyingine ya siku hizo imo mdomoni. Wifi aliiona akimsafisha mtoto: vidoadoa vyeupe vidogo sana ndani ya mashavu, karibu na magego, penye wekundu. Akadhani ni utando wa maziwa. Baadaye nilielezwa kwamba vidoadoa hivyo, vikionekana, ni dalili ya surua hasa, na hutokea siku moja au mbili kabla ya upele halafu hupotea. Siku hizi mtoto akipata homa namwambia acheke, nachungulia kwa tochi ya simu. Binti yangu anaona ni mchezo.

Tulimpeleka zahanati. Foleni ilikuwa ndefu, benchi limejaa akina mama na vichanga, na mtoto wetu akakohoa katikati yao asubuhi nzima. Kipimo cha malaria kilionyesha anayo. Tukapewa dawa ya mseto na ya kushusha homa, tukarudi tukiwa tumeridhika kabisa.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wa Kanda ya Ziwa tunapopotezwa. Kipimo hakikudanganya. Mtoto alikuwa na malaria kweli, na alikuwa na surua pia. Kwetu huku vijidudu vya malaria vinapatikana kwenye damu ya watoto wengi, hivyo mtoto anaweza kuumwa kitu kingine kabisa na kipimo kikakwambia malaria, nacho kikawa kimesema kweli. Ukishapewa jina la ugonjwa, akili inafunga mlango. Daktari aliyetuhudumia alikuwa na watu wengi mlangoni, hakuuliza macho yameanza lini, na sisi hatukumwambia kwa sababu tulikuwa tumeshaamua ni moshi. Sasa nikikaa mbele ya daktari nataja kila kitu hata kile nilichokwisha kukipatia sababu, na nauliza: hii malaria inaeleza na macho pia? Hakuna aliyewahi kunifokea kwa swali hilo. Na dawa ya mseto ikinywewa vizuri, homa ya malaria hutakiwa kuwa imeshuka ndani ya siku 2 au 3. Isiposhuka mtoto arudishwe, asiongezewe dawa nyingine ya dukani.

Homa haikushuka. Upele ukatoka nyuma ya masikio na kwenye paji la uso, pale nywele zinapoanzia. Mume wangu akakimbia duka la dawa, muuzaji akasema dawa ya mseto imemkataa, akampa vidonge vya mzio. Hilo nalo lilikuwa na akili yake: mtoto anameza dawa, anatoka upele, utasema nini?

Halafu rangi. Kwenye mabango mengi niliyowahi kuona, surua ni madoa mekundu kwenye ngozi nyeupe. Mtoto wetu ni mweusi wa Kisukuma hasa. Kwake hapakuwa na wekundu wa kuonekana. Ngozi iliiva, ikawa nyeusi zaidi kwa mabaka, na ukipitisha kiganja ilikwaruza kama msasa. Kiganja kiliiona kabla ya jicho. Upele ukashuka usoni, shingoni, kifuani, tumboni, mpaka miguuni, kwa muda wa siku kama 3. Mpangilio huo wa kuanzia kichwani kwenda chini ndio wa kuangalia kuliko rangi.

Aliyeitambua ni bibi mpangaji mwenzetu, mama mtu mzima aliyezika mtoto wake kwa ugonjwa huo zamani. Aliingia kutupa pole, akamtazama mtoto akiwa mlangoni bado, akasema, "Wanangu, hiyo si dawa. Hiyo ni surua. Naijua." Nilitambua jambo siku hiyo: sisi kina mama wa umri wangu hatuijui surua kwa macho kwa sababu chanjo ilitufichia. Wazee wanaijua. Ila bibi huyohuyo aliyekuwa na macho ya kuitambua alituambia pia tusimwogeshe mtoto upele usije ukarudi ndani, tumfungie gizani, na tusikubali achomwe sindano. Nilijifunza kupokea kutoka kwake nusu moja na kuiacha nyingine kwa heshima. Mtoto wa surua anaogeshwa kwa maji ya uvuguvugu, dirisha linaachwa wazi hewa iingie, na kama mwanga unamuumiza macho unamgeuzia upande, humfungii.

Tuliporudi zahanati, wifi alibaki nje na mtoto, mimi nikaingia kumwambia nesi mlangoni: "Dada, tuna mtoto tunamhisi surua, tumemwacha nje." Sikujua kama ndivyo inavyotakiwa, niliona aibu tu ya kumpitisha kwenye lile benchi. Nesi akashukuru mno. Virusi vya surua hubaki hewani kwa muda unaoweza kufika saa 2 baada ya mgonjwa kuondoka, na katika watu 10 wasio na kinga waliokaa karibu naye, 9 huambukizwa. Akaja kumwona chini ya mwembe. Niwaombe jambo hilo moja kwa dhati: ukihisi surua, sema mlangoni kabla hujakaa.

Alichukua damu kwa ajili ya kupeleka maabara, akaandika majina, mahali walikotoka na chombo walichosafiria. Kisha akakata ncha ya kidonge chekundu cha vitamini A akamkamulia mtoto mdomoni, akatupa cha kesho yake. Chekundu ni yuniti 200,000, cha watoto wa mwaka 1 na kuendelea. Cha bluu ni 100,000, cha miezi 6 hadi 11. Hudondoshwa siku 2 mfululizo kwa kila mtoto mwenye surua, hata kama alipata matone ya kampeni majuzi, kwa sababu surua humaliza vitamini A mwilini na hapo ndipo macho hupofuka. Hakuna dawa ya kuua virusi vyenyewe vya surua. Hiyo vitamini, maji, chakula na kutibu yanayoambatana nayo ndiyo matibabu, kwa hiyo usiondoke kituoni bila kuulizia vile vidonge.

Akaomba kadi ya kliniki. Wifi akaitoa kwenye mfuko wa nailoni, imelowa na kukauka, wino umevuja. Chanjo za mwanzo zilionekana. Ya surua haikuwepo. Nesi hakumkaripia, alimuuliza tu ilikuwaje, naye akaeleza. Mtoto alipofika miezi 9 alimpeleka kliniki moja huko kisiwani, akaambiwa watoto ni wachache, arudi siku nyingine. Tangu 2014 chanjo ya surua hapa Tanzania huchomwa pamoja na ya rubella, ugonjwa mwingine wa upele, na chupa yake ni ya dozi 10: ikishachanganywa haitakiwi kukaa zaidi ya muda wa saa 6, inayobaki inamwagwa. Hivyo wahudumu wengine husubiri watoto wakusanyike kwanza. Kwa mama wa mjini "rudi Jumatano" ni usumbufu. Kwa mke wa mvuvi ni mtoto kubaki bila chanjo, maana Jumatano kambi imeshahamia kisiwa kingine. Mimi siwezi kumlaumu wifi kwa hilo. Ninachosema ni kwamba ukiambiwa urudi, eleza kwamba mnahama, omba achomwe leo, na ikishindikana ulizia kituo kingine hapohapo.

Ndipo nesi akauliza, "Nyumbani kuna mtoto mwingine mdogo?"

Binti yangu alikuwa na dozi zote mbili, ya miezi 9 na ya miezi 18. Dozi ya kwanza ikitolewa miezi 9 hukinga takriban watoto 85 kati ya 100. Ya pili huwafikia wale ambao ya kwanza haikuwashika, na ndiyo ambayo akina mama wengi tunaisahau kwa kuwa mtoto ameshaanza kukimbia na kliniki tumeizoea kwa ajili ya mizani. Binti alilala na mgonjwa kitanda kimoja, hakupata hata chafya. Wa miezi 7 ndiye alikuwa kwenye pengo. Mtoto huzaliwa na kinga aliyoipata kwa mama yake, inampungua kadiri anavyokua, na chanjo huwekwa miezi 9 kwa sababu ikitolewa mapema sana kinga hiyo ya mama inaweza kuizuia kufanya kazi. Nesi akaeleza kwamba mtoto wa kuanzia miezi 6 aliyekutana na surua anaweza kuchanjwa ndani ya saa 72 na ikasaidia. Saa 72 tangu akutane na mgonjwa, lakini, si tangu upele uonekane. Mgeni wetu alikuwa nasi tangu siku za homa na macho mekundu. Muda ulikuwa umekwisha wakati tunabishana kuhusu moshi. Sentensi hiyo sijawahi kumwambia wifi, na akisoma hapa naomba anielewe, maana moshi tuliutaja wote.

Kwa kawaida homa huanza siku 10 hivi tangu mtu aambukizwe, na upele siku 14 hivi, ingawa yaweza kufika wiki 3. Kwa hiyo tukaanza kungoja. Hiki ndicho kipindi kilichonitesa kuliko hospitali. Mtoto anacheka, ananyonya, anakwaruza sakafu kwa kijiko, na wewe unampima joto kwa shavu lako kila ukiamka. Sikwenda naye Mwaloni kwa sababu pale pana vichanga vya wenzangu migongoni. Nilimwachia mwenzangu meza yangu, tukagawana faida, na rejesho la kikoba nikalilipa kwa mtaji. Kanisani hatukwenda. Majirani niliwaambia wazi. Wengine walinuna, mmoja akawa anawapitisha wanawe upande wa pili wa bomba la maji kama vile tuna jini, lakini mhudumu wa afya wa mtaa alipopita kukagua kadi, uani kwetu tu walipatikana watoto ambao hawakupata dozi ya pili, wakapelekwa. Aliyenuna sana ndiye mwanawe alikuwa miongoni mwao. Sikusema kitu.

Kukatokea ugomvi wa kimyakimya pia. Mbalamwezi ilikuwa inakwisha, kaka anapiga simu mkewe arudi, na mume wangu, kwa hofu ya mtoto wetu, alitaka waondoke kesho yake. Nesi alikataa katakata: siku 4 baada ya upele kutoka hazijaisha, na kumpandisha mtoto kwenye chombo kilichojaa ni kuipeleka surua mahali pasipo na hospitali. Wifi alipopiga simu kambini kueleza, akajibiwa kwamba kule kuna watoto wawili wenye upele tangu wiki iliyopita. Kumbe habari ilikuwepo, hakuna aliyeiuliza. Mgeni anapofika tunamuuliza hali ya ziwa, bei ya dagaa, wazee hawajambo. Mimi nimeongeza swali moja: huko mnakotoka kuna watoto wanaumwa? Na kaka ndiye alimpigia simu mganga wa kituo cha kisiwani, jambo ambalo tulikuwa hatujawahi kufikiri kwamba mvuvi anaweza kulifanya. Wahudumu wakaja na makasha ya chanjo.

Mtoto wetu mdogo akapata homa. Safari hii hatukuuliza sababu ya kila dalili. Siku ileile macho yalipoanza kuchuruzika tulikuwa mlangoni kwa nesi, mtoto nje, nikataja nyumba ina mgonjwa wa surua. Kipimo cha malaria hakikuona kitu. Akapewa kidonge cha bluu. Upele ulipotoka ulitukuta tunaujua.

Nesi alinifundisha kitu ambacho ningependa kila mama afundishwe kliniki pamoja na kunyonyesha: kuhesabu pumzi. Mtoto awe ametulia, asiwe analia wala ananyonya. Funua nguo uone kifua na tumbo, washa saa ya simu, uhesabu dakika nzima. Usihesabu nusu dakika ukazidisha, maana watoto hawapumui kwa mwendo mmoja. Mtoto wa chini ya miezi 2 ni hatari akifika 60. Wa miezi 2 hadi kabla ya mwaka, 50. Wa mwaka 1 hadi 5, 40. Na utazame chini ya mbavu: akivuta hewa pakabonyea ndani, usihesabu tena, nenda. Vilevile nenda bila kuhesabu ikiwa hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, ameshikwa na degedege, au amelegea na hazinduki vizuri.

Saa 7 usiku nilihesabu nikavuka 60, nikarudia nikidhani nimekosea, ikawa vilevile, na mbavu zinabonyea. Kwetu bajaji haifiki mlangoni. Mume wangu alimbeba tukashuka mawe kwa tochi hadi barabarani, tukapata bajaji kwa shilingi 8,000, mchana ingekuwa chini ya nusu. Hospitali walimweka kidoleni kile kifaa cha kupima hewa, wakamwekea oksijeni, wakasema nimonia. Nimonia ndiyo inayoua watoto wengi wa surua, zaidi ya surua yenyewe ninayoweza kukuonyesha kwenye ngozi.

Walipotaka kumchoma dawa, simu ikalia, mama mkwe. Alikuwa analia. "Mwanangu, mtoto wa surua hachomwi sindano, atakufa." Nilimjibu, "Mama, nimekusikia. Ila anashindwa kupumua, naomba utuombee, wacha wamtibu." Akanyamaza, akasema sawa. Nimefikiri sana imani hiyo ilitoka wapi, na nadhani haikutoka hewani. Zamani mtoto alipelekwa hospitali akiwa ameshaishiwa, akachomwa sindano, akafa, na walioona wakaikumbuka sindano. Ukitaka kubishana na mzee kuhusu jambo hili, usimwite mjinga. Mpe nafasi ya kuogopa nawe, kisha endelea na matibabu.

Tulikaa wodini hadi alipoweza kupumua bila mashine na kunyonya tena. Siku za mwanzo hawezi kunyonya, nilikuwa nakamua maziwa wanampa kwa mpira wa puani. Kamueni, hata kama ni kidogo, vinginevyo maziwa yanakata. Kuhusu fedha niseme kweli: kwa sera, mtoto wa chini ya miaka 5 anatibiwa bure kwenye vituo vya serikali, na kitanda na daktari hatukulipia. Lakini kuna dawa ambazo hazikuwepo dirishani tukanunua nje, kuna nauli, kuna chakula changu, kuna pampasi. Jumla ilizidi laki moja na nusu, mbali na mtaji ulioliwa na rejesho. Ukiwa na mtoto mdogo, tenga fedha ya bajaji ya usiku mahali ambapo hata mume hagusi. Na jambo lililonikera: kwa kukosa nafasi, mtoto wetu mwenye surua nusura alazwe chumba kimoja na watoto wa magonjwa mengine. Nililisema kwa sauti ya upole, wakatutafutia kona ya peke yetu yenye dirisha. Semeni.

Nyumbani, mtoto wa kaka upele ulikuwa umekauka na kuambua, wote tukadhani yamekwisha. Yakaanza ya kuhara. Akapewa ORS, ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji, na vidonge vya zinki, ambavyo humezwa siku 10 hadi 14 hata kuhara kukikoma mapema. Jicho moja lilikuwa na ukungu, na ndugu mmoja mwenye nia njema akaleta maji ya majani ya kumdondoshea. Wifi, ambaye ni mpole mpaka tunamtania, aliyamwaga mbele yake. Macho yaliyodhoofishwa na surua yakimwagiwa dawa za majani yanaweza kuoza na kupofuka moja kwa moja. Alipakwa mafuta ya macho aliyopewa hospitali, na kwa kuwa jicho lilikuwa limeguswa alipewa kidonge cha tatu cha vitamini A baada ya wiki kadhaa. Anaona vizuri.

Miezi iliyofuata alikuwa anashikwa na kila kikohozi kilichopita. Hilo lina sababu: mwaka 2019 watafiti walionyesha kwamba surua hufuta sehemu ya kumbukumbu ya kinga, mwili unasahau magonjwa uliokwisha kuyajua. Kwa hiyo mtoto aliyepona surua si wa kurudishwa mara moja kwenye msongamano. Aongezewe mlo mmoja kwa siku. Sisi tulitumia uji wa karanga, unga wa dagaa (angalau hapo nilikuwa na faida ya kazi yangu), mchicha, na viazi lishe vile vya rangi ya chungwa. Michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, ninaipenda, lakini viazi vyeupe havina vitamini A ya maana.

Wengi huchanganya surua na tetekuwanga, hivyo niseme haraka. Tetekuwanga ni malengelenge yenye maji, yanawasha, huanza zaidi kiwiliwili, na utakuta mapya na yaliyokauka kwa pamoja. Mtoto abaki nyumbani mpaka yote yakauke, na asipewe aspirini. Na magonjwa mengine ya utotoni nayo niyataje: matumbwitumbwi ni uvimbe wa taya chini ya sikio. Kifaduro ni kikohozi cha mfululizo kinachoishia kwa kuvuta hewa kwa mlio au kutapika, ila kichanga anaweza asitoe mlio wowote, akanyamaza tu bila pumzi. Huyo ni wa kukimbizwa. Na koo lenye utando wa kijivu na shingo iliyovimba, dondakoo, nalo si la kusubiri asubuhi.

Kadi za watoto nimezipiga picha zikawa kwenye simu yangu, ya mume wangu na ya wifi, kwa sababu ziwa halichagui cha kulowesha. Mtoto wetu mdogo alipotimiza miezi 9 nilimpeleka kliniki nikidhani nitaambiwa ameshaugua, hahitaji. Nesi alimchoma. Alisema chanjo ile ina rubella ndani yake, ambayo mtoto wangu hajaiugua, na kwamba aliyewahi kuumwa surua hadhuriki kwa kuchanjwa. Akaandika na tarehe ya dozi ya miezi 18 kwa penseli. Nilimwomba airudie kwa kalamu.